Shangazi Msafiri Anajibu: Kukandwa, Kukaa Kimya na Tiketi ya Thailand

Jamani sijui mwezi huu kumetokea nini, zaidi ya nusu ya barua zenu zinauliza Thailand, na siyo Thailand ya kwenda kufunga mzigo wa nguo, ni ya kwenda kukandwa mwili, kukaa kimya na kurudi na kichwa kilichopoa. Mimi nimeshaenda mara tatu, na ile ya kwanza niliiharibu kwa tamaa yangu mwenyewe, kwa hiyo nikiwa mkali hapa chini mtanisamehe.

Shangazi shikamoo. Nimepata likizo wiki mbili, ukiweka na wikiendi zake ni siku 16. Mpango wangu: Bangkok siku 2, mafungo ya kimya siku 10, kozi ya masaji siku 5, halafu Chiang Mai, nimalizie visiwa vya Koh Phangan na Phuket. Rafiki yangu anasema haiwezekani ila yeye ni mtu wa kukatisha tamaa. – Mchovu wa Mahesabu

Marahaba mwanangu. Yaani kazi yako ni mahesabu na hapa umeshindwa kujumlisha? Siku 16, toa 2 za ndege kwenda na kurudi zinabaki 14, na hizo mbili nimekuhurumia. Sasa chukua mafungo yanayojulikana sana ya Suan Mokkh, kule Chaiya mkoa wa Surat Thani, watawa wenyewe wanasema siku 10 lakini kwa desturi yanaanza tarehe 1 ya mwezi na unatoka tarehe 11 asubuhi, na kujiandikisha unatakiwa uwe pale siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia. Hesabu vizuri, hizo ni siku 12 za kalenda. Umebaki na 2, na moja inaliwa na treni kutoka Bangkok. Kozi ya masaji iko wapi? Phuket iko wapi? Rafiki yako hakatishi tamaa, anajua kutoa na kujumlisha tu.

Kosa lenyewe ndilo nililofanya mimi. Nilitaka kila kitu, nikawa natoka kwenye masaji nakimbilia basi, natoka kwenye basi nakimbilia boti, nikafika kwenye kituo cha yoga nimekunja uso hata mwalimu akaniuliza kama nina homa. Ulichoka kazini, usiende kuchokea ufukweni.

Kwa hiyo amua kwanza unachokwenda kutafuta, mwili au kimya, halafu chagua upande mmoja wa nchi, kaskazini au kusini, usichanganye. Mimi kwa siku zako ningekwenda kaskazini. Bangkok usiku 2, uamke, uzoee saa maana wako mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 4, uende hekalu la Wat Pho ukaone chimbuko la masaji yao. Kisha Chiang Mai usiku 3, unakandwa, unatembea, unalala mchana bila kuona aibu. Halafu usiku 5 Wat Pa Tam Wua, ni hekalu la msituni mkoa wa Mae Hong Son, huko hawakupangii tarehe, wanapokea wageni siku yoyote na mwisho wa kukaa ni siku 10, hakuna bei, unatoa sadaka unavyoguswa, na kuongea kunaruhusiwa japo kuna beji ya kuvaa kama umeamua kunyamaza. Ukitoka hapo rudi Chiang Mai usiku 2 na Bangkok 1. Jumla usiku 13 na umebakiwa na pumzi.

Zile siku 2 za baada ya hekalu usiziguse. Najua utataka kuzikata uongeze ufukwe. Mtu akitoka kwenye kimya hata kelele za pikipiki zinamchoma, anahitaji mahali pa kukaa na chai yake kabla ya kurudi kwenye dunia ya meseji 400. Na masaji ndiyo inaingia vizuri hapo, baada ya kukaa chini siku 5 magoti na kiuno vitakuwa vinaidai.

Na mwezi uangalie kabla ya tiketi. Novemba mpaka Januari kaskazini ni raha, kuna ubaridi kabisa milimani, beba sweta usicheke. Kuanzia Februari kuelekea Aprili wanachoma mashamba na misitu inaungua, moshi unafunika Chiang Mai hadi mlima ulio nyuma ya mji hauonekani, sasa wewe umesafiri kilomita zote hizo ukajifunze kuvuta pumzi na pumzi yenyewe ina masizi. Kusini nako kuna mtego wake, visiwa vya upande wa Ghuba ya Thailand kama Samui na Phangan vinanyeshewa zaidi Oktoba hadi Desemba, wakati kwingine kunakauka. Watu wanaona picha ya jua wanalipia Novemba halafu wanalaumu kampuni ya safari.

Ah, nilisahau, barabara ya kutoka Chiang Mai kwenda huko hekaluni inapitia mji mdogo wa Pai na mpaka hapo Pai tu ina kona 762, wamezihesabu na wanaziuza kwenye tisheti. Meza kidonge cha kichefuchefu.

Shangazi, mimi ni mwanaume mtu mzima na nina swali la aibu. Masaji ya Kithai inauma? Unavua nguo zote? Na nitajuaje duka ni la heshima, maana nilivyomwambia mke wangu naenda kukandwa Bangkok aliniangalia jicho lile. – Baba Wawili

Mke wako ana haki ya kuangalia hivyo, ila jibu lipo na umwonyeshe hapa.

Masaji yao ya asili huvui nguo, unavaa. Wanakupa suruali pana ya kufunga kiunoni na shati la kulegea, wanakuosha miguu, unalala kwenye godoro chini sakafuni, na mafuta hayatumiki, hiyo ya mafuta ni huduma nyingine kwenye ubao wa bei. Anaanza nyayo anapanda juu taratibu, kwa dole gumba, kiganja, kiwiko, goti, kuna muda anakukanyaga kabisa, na katikati anakukunja na kukuvuta viungo, ndiyo maana watu wanaiita yoga ya wavivu, unafanyiwa mazoezi umelala. Wao wanafuata njia wanazoziita sen, kuu ziko 10, wanaamini nguvu ya mwili inapita humo. Sayansi yake tuwaachie wenye kubishana, ila mgongo wangu haukubishana.

Saa 1 ni ya kuonja tu. Ukitaka uijue lipia saa 2, maana kwa saa 1 anafika kiunoni muda umeisha, mabega ambayo ndiyo uliyapeleka yanaguswa dakika 5.

Inauma? Inauma pale penye fundo, na ni maumivu ya kuguna kisha ukashusha pumzi. Ikiwa ya kukukaza mwili mzima na kuzuia pumzi hiyo siyo dawa, hiyo ni ugomvi. Mimi mara ya kwanza nilikandwa na bibi mdogo kama mtoto wa darasa la 5, nikajisemea huyu atanibembeleza, mama yangu! Nilitoka naona nyota na nilinyamaza muda wote kwa sababu ya heshima. Usinyamaze. Sema "bao bao", maana yake taratibu, au "jep", yaani inauma, na wewe mwanaume malizia na "khrap", wanawake tunasema "kha", ndiyo adabu yao. Wakifika shingoni na unaona anataka kuipinda mpaka ilie, mzuie kwa mkono. Shingo ivutwe na kukandwa, kuvunjwavunjwa hapana, hata kama wenzako wanasema ndiyo utamu wenyewe.

Duka la heshima utalijua kabla ya kuingia. Mbele kuna kioo unawaona wateja wamekaa kwenye viti wanakandwa miguu, kuna watalii na kuna mama wa Kithai katoka sokoni na vikapu vyake. Bei ziko wazi kwa saa, mitaani ni kama baht (ndiyo pesa yao) 250 mpaka 400 kwa saa 1, spa za hoteli ndiyo zinapanda mara kadhaa ya hapo. Ukutani kuna leseni, tangu sheria yao ya 2016 ya maduka ya spa na masaji lazima iwepo, na usishtuke kuona mwaka 2568, wao wanahesabu kalenda ya Kibudha, toa 543 unapata 2025. Wahudumu ni wa rika zote na sare zao zinafanana. Lakini ukikuta taa za pinki, mabinti wamepanga mstari mlangoni wanakushika mkono na hakuna anayezungumzia mgongo wako, wewe baba wa watu wawili umeshajua.

Bangkok anzia Wat Pho. Pale kuna jengo la kukandia humohumo ndani ya uwanja wa hekalu, na kabla ya zamu yako unazunguka kuangalia mawe yaliyochongwa elimu ya tiba na michoro ya sehemu za kubonyeza, Mfalme Rama III aliamuru yachongwe karne ya 19 ili elimu isipotee na isibaki ya wakubwa peke yao. Kuna na sanamu za wahenga wamejikunja mikao ya kila aina. Wanamkumbuka tabibu wa zamani Jivaka, inasemwa alimtibu Buddha mwenyewe, kuna walimu mpaka leo wanamwombea dua kabla ya kugusa mteja. Na mwaka 2019 UNESCO waliiingiza masaji hiyo, Nuad Thai kwa jina lao, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni, hiyo ndiyo ya kumsomea mke wako.

Chiang Mai kuna kituo cha mafunzo cha gereza la wanawake, wanaokanda ni wafungwa waliokaribia kutoka, wanajifunza kazi na kipato kinawasaidia wakirudi uraiani. Wana mikono, nakwambia. Na popote utakapoona masaji ya wasioona ingia, vidole vyao vinaona.

Wanangu wanataka kunipeleka kwenye hayo mambo ya kukandwa. Nina miaka 63, presha ninayo na miguuni nina mishipa iliyotuna. Niende au ni ya vijana? – Mama Mkubwa

Shikamoo mama. Nenda, lakini siyo yote.

Kuna kitendo wanakifanya mwanzo, wanaweka viganja kwenye kinena wanakandamiza mshipa mkubwa wa damu kwa muda, halafu wanaachia na joto linashuka mpaka vidoleni. Wanaita kufungua mlango wa upepo. Kijana mzima anafurahia, wewe mwenye presha na mishipa hiyo kitu kataa kabisa, na mishipa iliyotuna isibonyezwe. Waambie kabla hujalala: "khwam dan sung", ndiyo presha ya kupanda. Duka lililofundishwa litabadilisha, lisipobadilisha mnyanyuke muondoke. Omba masaji laini ya mabega na mikono, au ile ya vifurushi vya majani wanavyoviita luk prakhop, kitambaa kimefungwa mchaichai, manjano, kafuri na mizizi mingine kinawekwa kwenye mvuke halafu wanakukandamiza nacho mwilini, magoti yatakushukuru. Usivae nguo nyeupe siku hiyo, manjano hayatoki.

Na siku ya kushuka ndege usikandwe miguu. Baada ya safari ndefu damu inaweza kuganda mguuni, ukiona mguu mmoja umevimba na unauma hapo ni hospitali moja kwa moja, hata kama mabinti wameshalipia. Daktari wako muulize kabla ya safari, mwambie na dawa unazomeza.

Assalaam aleykum Shangazi. Mimi ni Muislamu, swala tano sijaacha, ila nina wasiwasi mwingi moyoni na nimesikia kutafakari kunasaidia. Nikienda kwenye mafungo hekaluni si nitakuwa nimeingia kwenye ibada ya watu? – Binti wa Pwani

Waaleykum salaam binti yangu. La hukumu muulize sheikh wako, mimi natoa ratiba tu, ila ratiba zenyewe zinajibu sehemu kubwa.

Vile vituo vya Vipassana, aina ya kutafakari, vinavyofuata mafundisho ya mwalimu S. N. Goenka vipo kadhaa Thailand, na watu wanavipenda kwa kuwa ni siku 10, hulipi kitu, mchango unatoa mwishoni ukitaka, na wanasema hawana dini. Ni kweli hawakubadilishi dini. Lakini kanuni zao unazosaini zinasema siku zote za kozi uache aina zote za sala, ibada na kufunga, tasbihi pia, hata ya dini yako mwenyewe, ili mbinu ijaribiwe peke yake. Wengi wanagundua hilo wamefika na begi. Kwa mtu wa swala tano hapo hapakufai, na bora ujue leo kuliko kwenda kuswali kwa kujificha chooni.

Mahekalu kama Suan Mokkh na Wat Pa Tam Wua hawakukatazi kuwa ulivyo, ila kwenye ratiba kuna kusoma kwa pamoja sala za Kipali, lugha ya zamani ya vitabu vya Kibudha, na kuna sanamu ukumbini, na unatakiwa kukaa kwa heshima. Ukiona hilo ni zito kwako tafuta vituo vya binafsi vya yoga na pumzi, Chiang Mai viko vingi na Koh Phangan ndiyo usiseme, waandikie waulize mambo matatu: je kuna kuimba mantra, yaani yale maneno matakatifu ya kurudiarudia, kuna chumba cha peke yangu cha kuswalia, na mwalimu wa masaji ni mwanamke? Wakijibu kwa kuzungukazunguka achana nao. Phangan ukienda epuka wiki ya mwezi mpevu, maana upande wa Haad Rin kuna disko la ufukweni linalokesha.

Chakula hakikusumbui, mengi ya mafungo haya ni mboga tupu. Ila ujue hekaluni wageni wanashika masharti 8 na moja ni kutokula baada ya saa 6 mchana mpaka alfajiri, yaani ni kama Ramadhani iliyopinduliwa, unakula mchana unafunga usiku. Wewe utawashinda wote.

Shangazi, nataka nikasome masaji Thailand halafu nitafute kazi hukohuko spa. – Fundi Mikono

Kusoma ndiyo, kazi hapana. Kukanda masaji ya Kithai ni miongoni mwa kazi zilizowekwa kwa raia wao tu, mgeni haruhusiwi hata awe na vyeti vya kufunika ukuta. Shule ya Wat Pho ipo tangu 1955 na kozi yao ya kwanza ni saa 30, siku 5, inatosha kumkanda mumeo au dada yako. Kwa kufungulia biashara nyumbani haitoshi hata kidogo, endelea na ngazi za juu kisha ukande watu 100 bure.

Mume wangu amefariki miezi 5 iliyopita. Silali. Rafiki zangu wamenichangia niende mafungo ya siku 10 ya kimya, wanasema nitarudi mpya. Naogopa lakini naona aibu kukataa. – Nisiandike Jina

Pole sana mwanangu, pole tena.

Marafiki zako wana upendo ila wamekununulia dawa bila kuuliza kipimo. Kwenye mafungo hayo makali unaamshwa saa 10 alfajiri, kwa Goenka ni kama saa 10 kwa siku umefumba macho, huongei, husomi, huandiki, simu wamekaa nayo, na mwalimu unamwona dakika chache. Mtu aliyechoka na kazi anaweza kupumzika humo. Mtu mwenye msiba mbichi anakutana na kila kitu kwa pamoja, na hakuna wa kumshika mkono, kushikana kwenyewe ni marufuku. Wapo waliotoka wepesi. Wapo walioshikwa na hofu usiku wa tatu wakataka kukimbia. Wewe hulali sasa hivi, huko utalala?

Waambie ukweli kwamba unaogopa, na hiyo pesa ihamishie kwenye kitu kidogo. Nenda na mmoja wao. Kaeni Chiang Mai, mkandwe kila siku kidogo, mle, jioni mkakae hekalu la Wat Suan Dok, pale wana utaratibu wa kuongea na watawa, unauliza chochote, unaweza kuuliza hata hilo la kifo na kijana mwenye kanzu ya rangi ya chungwa akakujibu kwa utulivu kabisa. Wana na mafungo mafupi, siku chache tu, ukiona unaweza jaribu hayo.

Kabla ya hayo mwone daktari kuhusu usingizi. Kama umeshapewa dawa usiziache kwa sababu ya safari, na fomu ya mafungo yoyote ikiuliza afya ya akili andika ukweli wote. Siku 10 zitakungoja. Suan Mokkh ipo tangu 1932.

Shangazi nipe makaratasi na begi tu, mengine nimeshapanga. – Haraka Haraka

Viza omba mapema kwenye mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Thailand, usisikie la kupata ukifika mpaka uthibitishe kwa pasipoti yako. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wanaidai kwa wanaotoka nchi nyingi za Afrika, na chanjo iwe imepita siku 10. Tangu Mei 1, 2025 kuna kadi ya kuingilia inayojazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, ni bure, anayekutoza ni dalali. Sigara za umeme acha nyumbani, kule ni kosa.

Begi: nguo nyeupe au za rangi tulivu zinazofunika mabega na magoti, nyeupe mahekalu mengi wanakuazima. Viatu vya kuvua bila kuinama. Kanga mbili, maana Suan Mokkh mnaoga nje kwa kuchota maji tangini na unaoga umejifunga. Foronya iliyojazwa nguo laini pia si vibaya, kitanda ni zege na mkeka na mto ni wa mbao, sitanii. Saa ya mkononi yenye alamu kwa kuwa simu itafungiwa. Na tochi, maana saa 10 alfajiri njia ya kwenda ukumbini ni giza na nge hajui kama wewe uko kwenye mafungo.